Barua ya wazi kwa Baraza la Uongozi: tuambieni kazi ingali jikoni

Ndugu Mwenyekiti na ndugu wajumbe wa Baraza,

Salaam nyingi kutoka Korogwe.

Mimi ni mfasiri wa kujitolea. Kwa miaka sita nimekuwa nikitafsiri kwa Kiswahili menyu, vitufe na maelezo ya programu yenu ya kumbukumbu za shule, na mchana ni mwalimu katika mojawapo ya shule zinazoitumia. Jina la mradi silitaji humu. Ninyi mnajijua, na naamini wapo walezi wa miradi mingine ya programu huria (zile ambazo yeyote anaweza kuona na kutumia msimbo wake), wawe Oslo, Berlin au Nairobi, watakaojiona katika barua hii. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu wawili kati yenu mmekulia ukanda huu na mnaweza kuwasomea wenzenu. Pia wanaobeba mzigo wa haya nitakayoyaeleza ni wafasiri, walimu na mafundi wa huku, nao wana haki ya kuelewa ninachowasemea.

Ninachoomba ni kimoja: mtuambie kazi inavyokwenda ingali jikoni, msingoje mpaka chakula kiwe mezani.

Nianze na kisa changu. Mwaka jana nilitenga likizo nzima ya Desemba kwa ajili ya sehemu ya mahudhurio. Ilikuwa na matini, yaani vipande vya maneno ya kwenye skrini, zaidi ya mia tisa. Wasiofanya kazi hii hudhani ni kubadilisha neno kwa neno, lakini Kiswahili hakiendi hivyo. Kwa Kiingereza sentensi moja inatosha: programu inachomeka jina la kitu na idadi yake, mambo yamekwisha. Kwetu mwanafunzi hayupo, kitabu hakipo, daftari halipo, kalamu haipo. Ngeli inadai upatanisho, na upatanisho haupatikani kama msanidi, yaani mwandishi wa programu, ameandika sentensi moja ya kutumikia vitu vyote. Kwa hiyo mfasiri hulazimika kufungua programu, kutafuta kila sentensi inatokea wapi, kisha kumwomba msanidi aitenganishe. Nilifanya hivyo usiku baada ya usiku, watoto wakiwa wamelala. Niliwasilisha kazi yote wiki ya pili ya Januari.

Mwezi Februari toleo jipya likatoka. Sehemu ya mahudhurio haikuwamo.

Nilipouliza nilijibiwa kwa upole, na upole ule naushukuru mpaka leo. Niliambiwa sehemu ile imeondolewa ili iandikwe upya kama kiongezo cha kujitegemea, na kwamba uamuzi ulifikiwa Septemba, wasanidi walipokutana ana kwa ana. Septemba! Miezi mitatu kabla sijagusa hata neno la kwanza. Hakuna aliyenidanganya wala aliyekusudia kunificha. Ni kwamba waliokuwa chumbani walijua, na kila mmoja akadhani aliye nje naye ameshajua.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo haukunifika peke yangu. Shule nane za wilaya yetu zilikuwa zimechangishana kuchapisha kitabu cha mwongozo cha kurasa arobaini, picha za skrini zikiwemo, ili mwalimu aliyehamishwa kutoka shule moja kwenda nyingine asianze upya. Kurasa kumi na mbili kati ya hizo zinaeleza sehemu ambayo sasa haipo. Fedha zile zilitoka mifukoni mwa wazazi. Nilisimama mbele ya kamati ya shule kueleza, na swali waliloniuliza lilikuwa la haki kabisa: "Mwalimu, wewe si uko ndani ya mradi? Hukujua?"

Najua jibu ambalo baadhi yenu mnalo tayari, kwa kuwa nimeshapewa: mradi ni huria, kila kitu kiko wazi, msimbo chanzo, yaani maandishi yanayounda programu, unaonekana na kila badiliko limeandikwa kwenye ghala la msimbo. Ni kweli. Lakini kumfungulia mtu mlango wa ghala si kumwambia kilichomo. Kwenye ghala hilo mabadiliko huingia kutwa kucha, mengi yakiwa ya kusahihisha nukta au kubadili jina la faili, na lile moja litakalofuta kazi ya watu limeandikwa kwa herufi zilezile, kwa ukubwa uleule. Msanidi anayekaa humo kila siku atalitambua. Mwalimu, mfasiri na fundi wa wilaya anayehudumia kompyuta za shule ishirini hawataliona. Kuwa wazi ni jambo moja, kutoa taarifa ni jingine, na sisi tumepewa la kwanza tu.

Wala siwaombi jambo ambalo halijawahi kufanyika. Mtazameni Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kila toleo la kiini cha Linux huchukua wiki tisa au kumi hivi. Wiki mbili za kwanza ni za kupokea mabadiliko mapya, zinazobaki ni za kurekebisha kasoro, na kwa kawaida kila Jumapili hutoka toleo la majaribio likiambatana na barua yake fupi. Barua hizo hazina mapambo. Husema wiki hii imekuwa tulivu, au imekuwa na mabadiliko mengi kuliko anavyopenda, yamegusa madereva ya vifaa zaidi, tuendelee kujaribu. Wiki isiyo na jipya nayo hupata barua. Ninachokipenda hapo ni kwamba mtu aliye mbali haachwi abuni maana ya kimya. Kwetu miezi minne inaweza kupita bila neno, na msomaji hajui kama mnafanya kazi, mmegombana au mmekufa.

GNOME, watengenezaji wa madirisha na menyu za skrini kwenye Linux, ambao toleo lao hutoka Machi na Septemba, wana desturi ninayoitamani kuliko zote. Wiki kadhaa kabla ya toleo, maneno yote yanayoonekana kwenye skrini hufungwa. Baada ya siku hiyo msanidi akitaka kubadilisha hata kichwa cha kitufe kimoja, lazima kwanza aombe ridhaa ya wafasiri. Hebu fikirini uzito wa jambo hilo: mfasiri anaombwa ruhusa! Anajua tarehe ya kuanza, anajua tarehe ya kumaliza, na katikati hapo hakuna mtu atakayelima shamba lake usiku akiwa amelala. Tarehe moja tu iliyotangazwa mapema ingeniokolea likizo yangu yote.

Hata habari mbaya hubebeka zikija mapema. Watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, walikuwa na toleo la Python 2.7, iliyokuwa ikomeshwe mwaka 2015. Walipoona wengi bado hawajahamia Python 3, mwaka 2014 wakatangaza kwamba wataihudumia mpaka 2020. Tarehe 1 Januari 2020 huduma ikakoma kama walivyosema. Kuhama kule kulikuwa kugumu, na wapo walionung'unika mpaka mwisho, lakini mwenye kutaka kujiandaa alikuwa na miaka karibu sita.

Linganisheni na CentOS, mfumo wa Linux uliotumika sana kwenye seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na watu wakaisimika kwenye seva zao wakitegemea kuhudumiwa mpaka 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likatolewa tangazo kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2021. Miaka zaidi ya saba ikayeyuka kwa tangazo moja. Waliofanya uamuzi ule huenda walikuwa na sababu zao za kiufundi na za kifedha. Sina ugomvi nazo. Lakini jumuiya ililikuta jambo limeshaamuliwa, na haikupita muda mrefu zikazaliwa mbadala zake, AlmaLinux na Rocky Linux, watu wakahama na ujuzi wao, na kuwaamini waliobaki nyuma hakukurudi kuwa kama zamani. Programu huria ina tabia hiyo: aliyechoka kukisia anaweza kuchukua msimbo akaondoka nao.

Kwa sisi wa Kiswahili hili lina historia ya karibu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux, wenye makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Ilibidi watu waketi na kuamua "faili" liitweje, "hariri" isimame wapi, na mengine ambayo leo tunayaona ya kawaida kana kwamba yalishushwa na mvua. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice, na jumuiya ikaingia katika wasiwasi kuhusu mustakabali wa kazi yake. Septemba ya mwaka huohuo sehemu kubwa ya wachangiaji ikajitenga ikaanzisha LibreOffice. Wakati mwingine nawafikiria wafasiri wa lugha ndogo katika miezi ile, wasijue maneno yao yapelekwe nyumba ipi. Kwa lugha yenye wafasiri mia, mkanganyiko wa miezi sita hupita. Kwa lugha yenye wafasiri wanne, wawili wakikata tamaa nusu ya nguvu kazi imekwenda.

Katika timu yetu ya Kiswahili tulikuwa watano. Baada ya Februari tumebaki watatu. Sitasema mengi kuhusu walioondoka, ila mmoja wao aliniandikia maneno haya: "Dada, sikatai kazi kutupwa. Nakataa kutupiwa bila kuambiwa."

Sasa niseme upande wenu, kwa sababu nisipousema barua hii itakuwa ya kuonea. Najua wengi wenu hamlipwi. Najua kuandika taarifa kunakula muda ambao ungetumika kurekebisha kasoro, na kwamba kila mnapotangaza mpango, kuna atakayeugeuza kuwa ahadi na kuwadai nayo. Najua pia shinikizo la jumuiya linaweza kuumiza, na hapa kisa cha xz hakinitoki kichwani.

xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, lakini imo ndani ya mifumo mingi sana ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwaka 2022 walijitokeza watu wakimsukuma kwamba matoleo yanachelewa na mradi unahitaji mtunzaji mwingine. Yeye akajibu waziwazi kwamba uwezo wake umepungua na kwamba ile ni kazi isiyo na malipo. Pembeni alikuwapo mchangiaji mmoja mwenye bidii, aliyeaminiwa hatua kwa hatua hadi akakabidhiwa funguo. Mapema mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake. Yaligundulika kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi mwisho, na tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia watu wote.

Wengi walijifunza usalama katika kisa hicho. Mimi nilisimama mahali pengine: mtunzaji alisema amechoka, na waliokuwa karibu vya kutosha kumsikia walikuwa wachache mno. Mamilioni waliokuwa wakiitegemea kazi yake hawakujua, kwa hiyo hawakuja kumsaidia, na aliyekuja alikuja na nia mbaya. Ndiyo maana nasema uchovu nao ni taarifa ya kazi. Mkiandika "mwezi huu hatukufanya kitu, wawili kati yetu wanauguza wazazi", nawaapia hakuna mwalimu Korogwe atakayewalaumu. Huku kwetu mtu akifiwa, jirani huja na kuni na unga. Lakini jirani hawezi kuja msiba usipotangazwa.

Wala sisemi kila kitu kimwagwe hadharani papo hapo. Kasoro ya usalama ambayo dawa yake haijapatikana ifichwe mpaka dawa iwe tayari. Hilo kila mtu mwenye busara analielewa. Ila dawa ikitoka, maelezo yatoke nayo. Debian, jumuiya nyingine inayotengeneza mfumo wa Linux, waliliweka hilo katika Mkataba wao wa Kijamii tangu mwaka 1997: kwamba hawataficha matatizo, na kumbukumbu yao ya kasoro itabaki wazi kwa umma. Nao wamekuwa wakiishi kwa ahadi hiyo kwa miaka karibu thelathini.

Kuna mambo madogo ambayo hamyaoni kwa kuwa hayawagusi. Mkutano wenu wa kila mwezi hufanyika saa 12 jioni kwa saa za Ulaya. Mwishoni mwa Oktoba saa za huko hurudishwa nyuma, mwishoni mwa Machi husogezwa mbele, na zetu hazisogei. Kwa hiyo mkutano uliokuwa saa mbili usiku kwetu huhamia saa moja bila mtu yeyote kusema. Nimewahi kuingia saa mbili nikakuta watu wanaagana. Kisha mnaweka video ya mkutano, dakika tisini. Kwa anayenunua bando la siku, video ya dakika tisini ni bando lote, tena kwa kusikiliza mambo ambayo yangejaa ukurasa mmoja wa maandishi. Na mnaposema toleo litatoka "majira ya kuchipua", mwalimu wangu mkuu huniuliza kuchipua kwa nini, maana kwetu mvua za vuli zikinyesha vitu huchipua tena. Semeni Aprili. Kama hamna uhakika semeni kati ya Aprili na Juni, tarehe itathibitishwa Machi. Tutaelewa.

Ninachowaomba basi kinatosha katika ukurasa huo mmoja. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja kati yenu, kwa zamu, aandike kwa lugha nyepesi kinachofanyiwa kazi, kilichokwama na kilichoachwa, na kama hakuna kitu aandike kwamba hakuna. Katika miradi ya Apache, shirika linalolea programu huria nyingi, kila mradi hupeleka taarifa kwa bodi, kwa kawaida kila robo mwaka, na kumbukumbu za vikao vya bodi husomwa na yeyote. Mkiona kila mwezi ni mzigo, anzeni na robo mwaka. Jambo linalofikiriwa kuondolewa litajwe siku linapofikiriwa, hata kama baadaye mtaamua libaki. Afadhali nisimamishe kazi yangu wiki mbili kusubiri uamuzi kuliko kuimaliza na kuikuta haina pa kukaa. Mkikutana ana kwa ana, muhtasari wa maamuzi utoke kabla hamjapanda ndege kurudi makwenu, mambo yakiwa bado moto. Na maneno yafungwe mapema, kwa tarehe inayojulikana. Tarehe hiyo iheshimiwe na wasanidi wote, pamoja na wale wakubwa ambao hakuna anayethubutu kuwagusa.

Kwa upande wetu, sisi watatu tuliobaki tumekubaliana kwamba taarifa hiyo ikitoka, ndani ya siku tano tutaigeuza Kiswahili na kuifikisha kwa shule za Tanga, Kilimanjaro na Mombasa ambazo tunajua zinaitumia programu yenu. Hatutadai malipo. Walimu wa huko nao wana ya kuwaambia, kwa maana wanaona kasoro ambazo ninyi hamtaziona kamwe mkiwa na umeme usiokatika na mtandao usiosuasua. Mpaka sasa hawasemi, kwa sababu hawajui kama kuna anayesikiliza. Taarifa yenu ya kwanza itawafungua midomo.

Nina swali moja ambalo haliwezi kusubiri utaratibu mpya. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Julai. Kile kiongezo cha mahudhurio mlichosema kinaandikwa upya: kipo, kimesimama, au kimeachwa? Jibu lolote kati ya hayo matatu nitalipokea. Likiwa "kipo", naomba matini zake hata kama hazijakamilika, nianze kuhamisha zile mia tisa kabla sijazisahau. Likiwa "kimeachwa", naomba niambiwe hivyo kwa maandishi, niyapeleke kwa kamati ya shule, tuzitoe zile kurasa kumi na mbili na turudi kwenye daftari la mahudhurio la karatasi. Mwenye duka la kuchapisha ameniambia atanishikia nafasi mpaka Ijumaa ya tatu ya Juni.

Wenu katika kazi hii,

Mratibu wa timu ya wafasiri wa Kiswahili,
Korogwe, Tanga